Kwenu Wapi? Fasihi na Kovu la Utumwa

Kisheria, utumwa ulikoma Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1873 tunaoukariri shuleni ni ule ambao Sultani Barghash, akiwa amebanwa na manowari za Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia watu wasisafirishwe baharini. Kumiliki mtumwa nyumbani au shambani kuliendelea kama kawaida. Zanzibar ikaiondoa hadhi ya utumwa kwa amri ya 1897, lakini masuria wakaachwa hadi 1909. Wajerumani walioitawala bara hawakuwahi kuufuta utumwa moja kwa moja. Walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na waliobaki wakaachiwa kujikomboa taratibu. Ikabidi waje Waingereza na sheria yao ya 1922.

Kwa msomaji wa Babati miaka hii inalisogeza jambo karibu. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima Kwaraa mwaka 1900 aliweza kabisa kulisikia Azimio la Arusha kwenye redio, akalea wajukuu ambao leo wana maduka kwenye barabara ya kwenda Singida. Ikiwa alizaliwa utumwani, au aliwekwa rehani, au mama yake alinunuliwa, basi wajukuu hao tunao hapa mjini. Huenda wenyewe hawajui. Waulize swali ambalo kila abiria huulizwa stendi, "kwenu wapi?", watakujibu bila kusita kwamba wao ni Wagorowa, Wairaqw, Warangi au Wambugwe, na jibu lao litakuwa la kweli. Ninachotaka kukitazama ni jinsi jibu kama hilo linavyoshonwa, na kwa nini riwaya, kuliko somo la historia au simulizi za ukoo, ndizo zinazotuonyesha mshono wenyewe.

Mwanasosholojia wa Jamaika, Orlando Patterson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1982 alidai kwamba kinachomtenga mtumwa na wanyonge wengine si kiboko wala kazi ngumu. Wapo watu huru waliochapwa zaidi na kufanyishwa kazi zaidi. Mtumwa amekatwa na nasaba yake: hana wazee wa kuwataja nyuma yake, na watoto wake si wake. Hicho Patterson alikiita kifo cha kijamii. Kiswahili kina namna fupi zaidi ya kulisema hilo: mtumwa ni mtu asiye na kwao. Ukiukubali msingi huo, jeraha la utumwa halitafutwi kwenye mgongo. Linatafutwa kwenye jina, kwenye namna mtu anavyomwita aliye juu yake, na kwenye mambo ambayo familia haiyazungumzi.

Huku kwetu bara kifo hicho mara nyingi kilikuja bila mnyororo. Mwaka 1892 mpelelezi wa Kiaustria Oscar Baumann alipita katika nchi hii akaliona Ziwa Manyara na bonde la Ngorongoro. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe. Aliandika jinsi Wamasai waliobaki mifupa mitupu walivyokuwa tayari kuwatoa watoto wao wapate kipande cha nyama. Wakati huohuo misafara ya pwani ilikuwa inafika Kondoa Irangi na Umbugwe kutafuta pembe za ndovu. Mtoto aliyetolewa katika njaa ile aliweza kuishia pwani, au kubaki kwa jirani mwenye nafaka. Aliyebaki alipewa jina jipya, akachunga mbuzi, akaoa au akaolewa. Vizazi viwili baadaye amekuwa babu wa watu. Wairaqw wana koo nyingi zinazokiri waziwazi kwamba mwanzilishi alitoka katika kabila jingine, na ukarimu huo ni wa kusifiwa. Lakini simulizi za mwanzilishi wa namna hii, popote pale bara, hupenda kusema kwamba "alikuja". Alikuja vipi, kwa miguu yake au kwa debe la mtama, hapo msimulizi hunyamaza.

Fasihi inaanza pale anaponyamaza msimulizi, na kwa maoni yangu hakuna aliyeingia ndani zaidi kuliko Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake ya *Paradise* ilitoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa jina la *Peponi*, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 baba yake, mwenye hoteli ndogo katika mji wa reli, anapomkabidhi kwa tajiri Aziz. Mtoto anaamini anasafiri na ndugu wa wazazi wake. Aziz ni mpole, ananukia vizuri, na kila alipowatembelea alimwachia Yusuf sarafu. Ni kijana wa dukani, Khalil, anayemfungua macho: huyu si jamaa yako, muite seyyid, uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa.

Katika riwaya nzima Aziz hampigi Yusuf hata kofi, na hapo ndipo penye uchungu. Laiti angepigwa, angepata kitu cha kukichukia. Badala yake amefungwa kwa lugha ya udugu, na kila anapotaka kukasirika hasira inagonga adabu. Ni vigumu kumchukia mtu uliyefundishwa kumwamkia. Gurnah anaturudisha kwenye jambo ambalo watu wa pwani na wa bara walilijua vizuri kabla ya Wazungu, kwamba utumwa wetu ulivaa nguo za ukoo. Mtumwa alimwita bwana wake baba, mtoto wa bwana alimwita yaya wa kitumwa mama, na rehani akala sahani moja na watoto wa nyumbani. Watetezi wa mfumo ule wameutumia ukaribu huo kusema kwamba utumwa wa Mashariki ulikuwa laini. Riwaya inautazama ukaribu uleule na kuuliza umemfanyia nini mtoto. Jibu ni kwamba Yusuf hajui tena neno la udugu linaishia wapi na deni linaanzia wapi.

Mtazame Khalil. Yeye pia aliletwa kwa deni, pamoja na Amina, binti aliyelelewa kama dada yake. Deni halimshikilii tena. Anabaki kwa sababu Amina ameolewa na Aziz, naye hawezi kumwacha peke yake. Kwa nje ni mtu huru anayeuza sukari na mafuta ya taa. Anacheka, anapiga porojo na wateja, anamkemea Yusuf kwa kukosa heshima. Anamtetea bwana wake kuliko bwana mwenyewe anavyojitetea. Nadhani kila msomaji anamjua mtu wa aina yake kazini au mtaani.

Na mtazame Mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye ukisoma haraka utampita. Sheria ilipobadilika, mke wa tajiri alitaka kumpa uhuru wake, yeye akakataa. Yusuf anafikiri mzee amezoea minyororo. Mzee anamjibu kwa hoja inayomwacha kijana bila la kusema: uhuru si mali ya yule bibi, atautoaje? Wachambuzi wengi humsifu Hamdani kama mtu aliyebaki huru moyoni. Mimi sina uhakika huo. Hoja yake ni kali na ni ya kweli, lakini ameitoa akiwa amepinda mgongo juu ya miti ya mtu mwingine, na bustani ile ndiyo dunia yake yote. Gurnah ameyaacha mambo hayo mawili yakae pamoja bila kutuamulia, na nafikiri huo ndio ukweli wa kisaikolojia ambao hati ya mahakama haiwezi kuubeba: mtu anaweza kuwa na heshima kamili na bado asiwe na pa kwenda.

Halafu unakuja mwisho wa kitabu. Askari wa Wajerumani wanapita wakikamata vijana. Yusuf anajificha, wanaondoka, na baadaye anawaona mbwa wakila kinyesi walichokiacha. Anajiona katika mbwa wale, kisha anatimua mbio kuufuata msafara. Kijana aliyetamani kuondoka kwa bwana wake hawazi kwenda kwa mama yake. Anakwenda kwa bwana mwingine mwenye bunduki. Sijui mwisho mkatili zaidi katika riwaya za Afrika Mashariki.

Adam Shafi alilishika swali hilo mapema zaidi, na kwa Kiswahili, katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya mwaka 1978. Hadithi inatokea Unguja katika miaka ya kuelekea Mapinduzi ya Januari 1964, zaidi ya nusu karne tangu amri ya 1897. Hakuna aliyemnunua Kijakazi, mtumishi wa kasri. Hata hivyo anaitwa Kijakazi, na anamtumikia Fuad kwa uaminifu ambao Fuad hastahili hata robo yake. Shafi anaonyesha vizuri sana jinsi mwili unavyoendelea kuinama baada ya sheria kunyooka. Ninachomdai ni kwamba riwaya ile inayaamini mno Mapinduzi, kana kwamba asubuhi moja ya Januari inatosha kumrudishia mtu nafsi yake. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na *Haini*, riwaya aliyoitoa mwaka 2003 kutokana na mikasa hiyo, haina tena imani nyepesi namna ile.

Kuna alama nyingine ya utumwa ambayo huwa hatuihesabu kama alama, nayo ni shukrani. James Mbotela alichapisha *Uhuru wa Watumwa* London mwaka 1934. Anasimulia habari za Wayao waliotekwa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na hatimaye wakafikishwa Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikianzisha karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Kitabu kinawasifu Waingereza kutoka ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho, na wasomi wa baada ya uhuru wamekicheka kwa hilo. Wanakiona kama barua ya mtoto mtiifu.

Mimi nakisoma vingine. Watu wa Freretown walitoka makabila mbalimbali, wengi wakiwa wametekwa wadogo mno kuweza kutaja kijiji chao. Wamijikenda waliowazunguka walikuwa na kaya zao, na Waswahili wa Mombasa walikuwa na mitaa na nasaba zao. Hawa hawakuwa na cha kutaja isipokuwa manowari iliyowaokoa. Kuokolewa ndiko kulikokuwa kuzaliwa kwao. Ukimwambia Mbotela apunguze shukrani, unamwambia apunguze ukoo wake. Gharama ya shukrani hiyo ni kwamba humweka mtu chini ya aliyemwokoa hata pale mwokozi anapogeuka mtawala. Gurnah anamchora mtu wa namna hiyo katika *Afterlives* ya 2020: Ilyas aliibwa na askari akiwa mtoto, Mjerumani akamchukua na kumsomesha, na vita vilipoanza akaenda mwenyewe kuwapigania Wajerumani, akaiacha nyuma familia iliyomhitaji. Ukoo wa Mbotela nao ukaja kumtoa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, aliyewauliza Wakenya kwa miongo mingi redioni *Je, Huu ni Uungwana?* Sidhani kama wengi wa waliosikiliza walikumbuka kwamba pwani, zamani za babu zake, muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa.

Wengine walichagua njia ya kufuta. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina alilopewa. Alikwenda mjini akiwa muuza vyungu, akajulikana kwa sauti yake, akapata jina la Siti, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Anamsifu kama mtu aliyepanda kwa kipaji na bidii, na katika sifa hizo jina la kwanza linabaki mbali nyuma, kama kituo ambacho treni imekwisha kukiacha. Kizazi chake kizima Unguja kilifanya kazi hiyohiyo ya kujivika upya: wanawake ambao mama zao hawakuruhusiwa kufunika kichwa walivaa buibui, na wanaume waliokatazwa kofia na viatu wakavaa kanzu na kofia. Katika sensa za Zanzibar za 1924 na 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa "Waswahili" ilishuka ghafla, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Watu hawakuhama. Walihamisha asili.

Kufuta huko kuna bei yake, na *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, inaonyesha nani anailipa. Rehema anazaliwa mweusi katika nyumba ya watu wenye shamba na fahari ya Uarabu, na ngozi yake inasema kitu ambacho nyumba ile haitaki kusikia. Wanaomfukuza mtoto wanafukuza kumbukumbu. Ndiyo maana ubaguzi wa ndani ya familia katika riwaya hii ni mkali kuliko wa mtaani.

Linganisha na Marekani. Toni Morrison aliandika *Beloved* (1987) akianzia kisa cha kweli cha Margaret Garner, aliyekimbia utumwa Kentucky mwaka 1856 na kumuua bintiye asirudishwe kwa bwana. Katika riwaya mtoto aliyekufa anarudi, anakaa mezani, anadai. Kule rangi iliwazuia watu kusahau. Mjukuu wa mtumwa alionekana ni mjukuu wa mtumwa akiwa bado barabarani. Kwetu alama iliweza kuoshwa katika vizazi viwili kwa ndoa, dini, mavazi na jina la ukoo. Hivyo waandishi wa Marekani wanahangaika na kumbukumbu inayokataa kuondoka, wakati wetu wanahangaika na usahaulifu uliofaulu. Hili la pili ni gumu zaidi kuandika, maana mhusika mwenyewe hajui anachougua.

Lakini tusiiamini fasihi hii kupita kiasi. Waliopata kalamu hawakuwa watumwa. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani yake watu waliotekwa wanapita kama hesabu za pembe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza kanuni za adabu ya mtumwa kwa utulivu wa mtu anayeeleza namna ya kupika pilau. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, aliutetea utumwa katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Na kwangu utetezi huo ni ushahidi mkubwa zaidi wa kisaikolojia kuliko kurasa zake zote za maelezo. Upande wa watumwa tuna masimulizi kama ya Swema, msichana wa Kiyao aliyezikwa akiwa hai Unguja katika miaka ya 1860 na kufukuliwa akiwa anapumua. Yamepita mikononi mwa padri na yakatoka kwa Kifaransa, yakiwa na umbo la hadithi ya mtakatifu. Hata Gurnah na Shafi wanaandika wakiwa mbali na soko lenyewe kwa karne nzima. Riwaya zao si ushahidi wa kilichotokea. Ni ushahidi wa kilichobaki.

Na wapo waliokataa kusahau. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa kutoka Tanga wakauzwa pwani ya Somalia. Walitoroka, wakajenga vijiji kwenye misitu ya mto Juba, na wakaendelea kuzungumza Kizigua zaidi ya karne moja na nusu wakiwa katikati ya Wasomali. Vita vya 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walirudi Tanzania wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Walirudi na lugha ambayo wenyeji waliielewa. Mfano wao unavunja nadharia yangu kidogo, maana unaonyesha kwamba kusahau hakukuwa lazima. Ila kwao pia dharau ndiyo iliyowahifadhi: Wasomali hawakuwakubali kama wenzao, kwa hiyo hapakuwa na ukoo wa kujifichia.

Sisi wa bara tulipata ukoo wa kujifichia, na pengine ndiyo maana hatuna riwaya. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha nne wamesoma *Takadini*, *Joka la Mdimu* na *Watoto wa Mama N'tilie*, vitabu vizuri vyote. Utumwa wameachiwa mwalimu wa historia, naye anauelezea kama jambo la Waarabu, Bagamoyo na Unguja. Bara inaingia katika somo kama mahali palipoibiwa watu. Haiingii kama mahali palipopokea watu, palipoweka watoto rehani, palipokuwa na jirani mwenye nafaka. Kitabu kinachokosekana ni cha nyumba ya jirani huyo: mama aliyempokea mtoto wa Kimasai mwaka 1892 alimwita nani, wanawe walimtania vipi alipokosea maneno, na siku mtoto huyo alipokuwa mzee aliwaambia wajukuu nini walipomuuliza alikotoka. Mtu wa kukiandika atatakiwa ajue Kigorowa au Kiiraqw au Kirangi, na awe na ujasiri wa kuwaudhi shangazi zake. Kwa sasa, msichana wa shule Babati anayetaka kusoma habari za mtoto wa bara aliyewekwa rehani hana budi aanzie kwa Yusuf, aliyeandikwa kwa Kiingereza na Mzanzibari aishiye Uingereza, na ambaye ilimchukua miaka 28 kufika katika Kiswahili.